Alitaka Wakae Chini

Ndugu waombolezaji, wenyeji wa Tarlina na mliotoka mbali, mchungaji, na wakubwa wa halmashauri mliosimama pale getini, naitwa Rhonda, ni binti wa Mavis, na Mavis ni mdogo wake marehemu, kwa hiyo marehemu ni mama yangu mkubwa, na familia imenituma nisome historia yake, nisome kwa sauti, nisome polepole, na nisiwe na hasira. Mawili ya kwanza nitayaweza. Jina lake hamtalisikia leo, tumelipumzisha kama tunavyofanya kwa kila aliyetutoka, tutamwita Kunmanara mpaka wazee waseme imetosha, na yule kijana wa redio aliyelitaja jana asubuhi mara tatu tunamwomba aache, mama yangu bado yu hai na ana masikio.

Marehemu Kunmanara alizaliwa kwenye kisima cha Ilpara, kilomita thelathini na mbili magharibi ya hapa, wakati wa baridi, katika mwaka ambao mvua ilikataa kabisa, akiwa mtoto wa kwanza wa wazazi wake. Kipeperushi mlichogawiwa kinasema tarehe 1 Julai 1947, lakini naomba ieleweke kwamba hiyo ni tarehe aliyopewa na karani, kwani watoto wote kumi na mmoja waliochukuliwa siku moja, yeye akiwemo, walizaliwa tarehe 1 Julai kwa mujibu wa karani huyo, jambo ambalo marehemu alilicheka mpaka uzeeni, akisema kina mama zao lazima walipanga foleni.

Kuhusu elimu yake, desturi inataka niseme alianza shule mwaka fulani, na kweli alianza, lakini siwezi kuisema shule bila kulisema lori. Tarehe 14 Agosti 1952, asubuhi, wanawake wakiwa wanaoka mkate kwenye majivu, lori la halmashauri ya Tarlina, lile la kubebea kokoto za barabara, lilifika Ilpara likiendeshwa na mfanyakazi wa halmashauri, polisi mmoja ameketi mbele na karatasi mkononi, ile amri ya serikali ya kuwachukua watoto wetu weusi wakalelewe kizungu, na watoto wakapakiwa nyuma pamoja na makoleo. Mama yangu alikuwa na miaka miwili, bibi akamsukumia chini ya blanketi na mbwa watatu wakalala juu yake, polisi hakutaka kuumwa, na ndiyo maana mpaka leo hakuna mtu wa kumfukuzia mbwa mama yangu. Kunmanara alikuwa mbali na mbwa, alikuwa ametumwa maji, wakamkamata njiani. Alipelekwa kusini, kwenye nyumba ya watoto karibu na bahari, ambako alisoma mpaka darasa la sita, akajifunza kushona, kupiga pasi, kusali, na kutokusema lugha yake, na alipouliza habari za mama yake aliambiwa kwamba mama yake hamtaki.

Bibi yetu, huyo anayesemwa kuwa hamtaki, alitembea mpaka stesheni ya Tarlina kila treni ya kusini ilipokuja, kwa miaka tisa, mpaka alipofariki tarehe 3 Machi 1961.

Kunmanara alifanya kazi za ndani mjini kwa miaka mitatu, akakusanya nauli, na tarehe 9 Mei 1966 akashuka hapa stesheni akiwa na sanduku moja na hamjui mtu. Mama yangu, aliyekuwa pale stesheni siku hiyo, alimtambua kwa mwendo, vidole vya miguu vikitazama ndani, mwendo wa mama yao uleule. Dada mtu akauliza kwa Kiingereza, maana lugha nyingine hakubakiwa nayo, "Mama yuko wapi?" na mdogo mtu akakaa chini palepale vumbini, akamvuta mkono, akamkalisha, akamkumbatia mabega, wakalia mpaka treni ikaondoka na abiria wengine wakaenda zao. Huo ndio ulikuwa msiba wa mama yake, miaka mitano baada ya maziko. Kwetu mwenye kuja kutoa pole hasimami akahutubia, anakaa chini pamoja na mfiwa, anamshika, mnalia, basi, na asiyekaa huyo hajaja, hata kama amevaa tai.

Mwaka 1968 marehemu aliajiriwa kuwa mpishi wa shule ya Tarlina, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na sita, na nusu ya mliopo hapa, wa rangi zote, mmekula supu yake ya mkia wa ng'ombe na mmepigwa mwiko wake vidoleni kwa kutaka kuongezewa kabla ya wenzenu. Tarehe 12 Oktoba 1970 alifunga ndoa na Teddy, mchunga ng'ombe hodari na mwongo mtamu, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 1999, na wakajaliwa watoto watatu, Lindsay, Coral na Elroy, ambao wote wanakumbuka kwamba gari la serikali likipita tu mtaani, hata liwe la kupima maji, mama yao alitoka nje na mwiko mkononi akaita majina matatu, na asiyeitika aliona cha moto.

Sasa nifike kwenye jambo lililomla miaka kumi na minne ya mwisho, na hapa ndipo kaka Lindsay aliponiambia nipite haraka. Sipiti haraka. Mwaka 2008 serikali kuu ilipoomba radhi kwa watoto waliochukuliwa, tulikaa sote ukumbi wa shule tukatazama kwenye televisheni, marehemu alilia, sote tulilia, chai ikanywewa, kisha akasema, "Hao wa mbali wamesema yao, nashukuru. Lakini lori lilikuwa la hapa." Tarehe 3 Machi mwaka huohuo, siku aliyokufa mama yake, akaiandikia halmashauri barua yenye mistari minne, akiomba wamtume mtu mmoja aje akae naye chini, mchana mmoja, kwa ajili ya mama yake na kwa ajili ya wenzake kumi. Hakuomba senti. Hakuomba sanamu. Ombi lilikuwa hilo tu, jamani, na mji mzima ukapasuka kama umeombwa damu!

Ukaanza mjadala, nasema mjadala kwa heshima. Gazeti la hapa lilijaa barua, mmoja akaandika kwamba yeye hakuendesha lori lolote, mwingine kwamba babu yake alikuwa mtu mwema, mwingine akauliza hawa watu watasahau lini, na hakuna hata mmoja aliyeisoma ile mistari minne. Mtu mmoja alipiga simu redioni akasema watoto wale walipewa shule na viatu, washukuru, na Kunmanara akapiga simu hapohapo kutoka jikoni, mwiko mkononi, akasema, "Viatu vilikuwa vidogo," akakata. Halmashauri ikaunda kamati, kamati ikamwita mwanasheria, mwanasheria akauliza watu wa bima, bima wakataka kujua kukaa chini maana yake nini kisheria, barua ikarudi kwenye kamati, kamati ikavunjwa kwa sababu ya uchaguzi, ikaundwa nyingine, na mama mkubwa akapigwa danadana miaka kumi na moja, kila akienda anaambiwa wanalifanyia kazi. Anarudi nyumbani anavua viatu, anasema, "Wanalifanyia kazi. Mimi nilipika chakula cha watoto mia mbili kila siku na sikuwahi kuunda kamati."

Hatimaye kura ikapigwa, watano kwa wanne, na tarehe 16 Agosti 2019 ikafanyika sherehe ukumbini, viti vimepangwa, keki ina nembo ya halmashauri, na tamko la kuomba radhi limechapwa kwenye karatasi nzuri. Kunmanara alifika saa tisa na blanketi lake la kijivu, hakuingia, alilitandaza kwenye nyasi mbele ya mlango, yeye na mama yangu wakakaa, mbwa akakaa. Bwana Graham Purcell, mwenyekiti wetu wa halmashauri, ambaye alikula supu yake tangu yuko kijana mwalimu pale shuleni, alitoka akasema, "Mama, ingia basi, tunaanza, kiti chako kiko mstari wa mbele." Akajibiwa, "Graham, lile lori aliendesha baba yako. Sikulaumu, na yeye simlaumu sana, alitumwa. Njoo ukae hapa kidogo, halafu nitaingia, nitakula na keki yako." Mwenyekiti akasema itifaki haikupangwa hivyo, watu wanangoja, halafu suruali. "Suruali inafuliwa, mwanangu." Akasimama kidogo, nilimwona, mkono wake ulishika goti kama mtu anayetaka kukunja, kisha mtu akamwita ndani, akaingia. Tamko likasomwa dakika sita, likapigiwa makofi. Saa kumi kamili mabomba ya kumwagilia nyasi yakafunguka yenyewe kama yalivyotegeshwa, maji yakawarukia wale vikongwe wawili, na hawakuondoka, Kunmanara alisema amengoja miaka sitini na saba, hatafukuzwa na bomba. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika taulo, na hasira ya siku ile bado ninayo hapa kifuani, sitawadanganya mbele ya jeneza.

Kuhusu ugonjwa wake, marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2020, na kuanzia Februari 2021 akawa anaunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki hapa hospitali ya Tarlina, akawachekesha wagonjwa wenzake na kuwasumbua wauguzi kuhusu uji wao usio na chumvi. Tarehe 2 Juni mwaka huu mwenyekiti alikwenda kumjulia hali, akasimama mlangoni kofia mkononi, wakaongea habari za mvua, za goti lake, za wajukuu, na alipoaga mama mkubwa akamwambia, "Umesimama sana leo, Graham," naye akacheka, na mama mkubwa hakucheka. Siku zake za mwisho aliniita akaniambia, "Rhonda, wakileta maua pokea, wakileta maneno sikiliza, lakini kwenye blanketi langu acha nafasi." Alifariki tarehe 19 Julai 2022, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mdogo wake, ambaye alikuwa ameteremka kitini na kukaa sakafuni, na muuguzi mmoja mgeni, Mungu ambariki, akakaa naye hapo chini bila kuambiwa na mtu.

Ameacha watoto watatu, wajukuu tisa, vitukuu wanne, mdogo wake mmoja, na mbwa mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote wa hospitali ya Tarlina, na hasa huyo dada wa sakafuni, inawashukuru majirani waliokuja kambini kwetu matangani wiki hizi tatu wakakaa na kulia nasi, wanafunzi wa zamani walioleta kuni na mikia ya kangaruu, wapishi wenzake wa shule, na mchungaji. Tunaishukuru pia halmashauri kwa maua, na kwa viti arobaini vyeupe vya plastiki vilivyoletwa asubuhi na lori. Kumbe bado mna lori. Viti viko pale vimepangwa vizuri, havijakaliwa hata kimoja, kama mnavyoona sote tuko chini, kwa hiyo mnaweza kuvirudisha vikiwa safi.

Karatasi yangu inaishia hapo, lakini namwona mwenyekiti bado amesimama pale getini na kofia yake. Bwana Purcell, blanketi la kijivu ndilo hili, mama yangu amesogea, mbwa naye amesogezwa, jambo ambalo halijawahi kutokea kwetu, na nafasi iliyobaki inamtosha mtu mmoja. Hotuba hatuhitaji. Najua habari za goti, tuna vijana wanne wenye nguvu hapa, kuinuka tutakuinua. Kukaa ndiko hatuwezi kukukalia.

Hatuna haraka, kaburi limeshachimbwa na jua bado liko juu. Na wewe, mama mkubwa, umengoja vya kutosha, sasa lala kwa amani, zamu ya kungoja tumeichukua sisi.