Marehemu Abdijabar Warsame na Picha ya Kisima cha Buna

“Usimwambie tena kaka Duale kadi ya kamera imeharibika! Wallahi nimeiona, baba anafungua mdomo anaimba, sauti hakuna.”

“Punguza sauti, Nasteha. Hiyo si picha ya kuonyesha watu.”

“Si picha? Ni baba yangu! Au baba yangu sasa ni uchafu wa kufichwa?”

Ndugu waombolezaji, ugomvi huo wa marehemu na mkewe, wa Machi 2024, majirani waliusikia kupitia ukuta wa mabati, kwa hiyo familia haiwezi kuuruka, na marehemu mwenyewe aliagiza usomwe.

Abdijabar Warsame alizaliwa mwaka 1979 huko Ijara, mtoto wa tatu wa mzee Warsame na mama Weris, akasoma huko hadi darasa la nane, kisha akaja Garissa kwa sekondari, ambayo aliiacha akiwa kidato cha pili, ukame ulipomaliza mifugo ya nyumbani. Mwaka 1998 alianza kazi katika studio ya picha za pasipoti, baadaye akarekodi harusi, na kuanzia 2011 akarekodi filamu za mashirika ya misaada katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, ambako watoto walimwita Kamera, naye akaitika. Tarehe 14 Agosti 2004 alimwoa Nasteha, binti wa mzee Bulle wa Buna, wakajaliwa Ayan, Abdimalik na Barwaqo.

Mwaka 2023 alipata kamera ya sinema, ya kwanza kuonekana mtaani kwetu. Kamera hiyo hushika jua kali na giza zito ndani ya picha moja, kila uso ukabaki uso, mradi inachukua fremu, yaani picha moja moja, ishirini na nne kwa sekunde. Ukiitaka ichukue mia moja na ishirini, ili mwendo uonekane wa polepole, huibana picha, hutumia sehemu ndogo tu ya kihisi chake, lile jicho la ndani linalopokea mwanga, hushindwa na jua na kivuli, na sauti haiingii kabisa. Marehemu aliyajua hayo vizuri, na vijana wake aliwafundisha kwamba birika moja halinyweshi mbuzi na ngamia kwa pamoja.

Januari 2024 mkwewe, mzee Bulle, akiwa tayari mgonjwa, aliomba arekodiwe akiimba wimbo wa kunywesha ngamia, ule ambao wanaume huuimba wakirushiana ndoo kutoka chini ya kisima, kwa sababu ni yeye tu aliyebaki na beti zake zote. Marehemu alifika Buna, akaona maji yakiruka juani, akatamani matone yaning'inie hewani, akaweka fremu mia moja na ishirini, na kinasa sauti kingine hakubeba. Kwenye picha, wanaume waliokuwa kisimani wakatoka weusi tii, anga likawa jeupe kama sanda, na uso wa mzee, ulipokuzwa, ukawa chembechembe. Matone yalitoka mazuri sana.

Februari mzee Bulle akafariki, na marehemu akaiambia familia kwamba kadi imeharibika. Nasteha alipogundua, baada ya ugomvi ule aliificha siri hiyo kwa ajili ya heshima ya mumewe, na aibu wakaibeba wawili. Mama Istahil, mjane wa mzee na mama wa Nasteha na Duale, kila Ijumaa alipiga simu kuuliza kama fundi ameiponya kadi, naye akajibiwa bado, mama, hadi Novemba alipofariki, akiwa bado anauliza.

Marehemu aliugua figo tangu mwanzo wa 2025, akafariki nyumbani alfajiri ya tarehe 9 Mei, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya swala ya alasiri. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea maji na chakula, na wapiga picha wenzake mliobeba jeneza. Lala, Abdijabar, Mola akufunike kwa rehema zake.

Ni desturi yetu kumwombea maiti msamaha kwa aliowakosea, nasi tunawaomba. Duale, kaka wa Nasteha, aliombwa msamaha na marehemu mwenyewe, siku chache kabla ya kifo, alipomwita na kumwonyesha picha ile kwenye televisheni, bila kujitetea kwa neno lolote. Duale aliitazama akiwa amesimama, hadi ndoo ya mwisho, akaenda kuvaa viatu, akageuka mlangoni.

“Mimi nimesamehe, shemeji,” alisema. “Ya mama, utamweleza mwenyewe.”