Bega Lililosemwa Kuwa Zima

Shikamooni wazee wangu. Na nyie wengine, poleni na mlima. Haya niliyaandika nyumbani nikayafuta, maana sijui kama yatamfaa mtu. Nisikilizeni hivyo hivyo.

Bega la kulia lilianza kuniuma msimu wa kuvuna tangawizi. Mkono ukifika usawa wa sikio, unagoma. Nikashuka Same, nikapigwa eksirei. Daktari akasema, "Mama, mfupa mzima." Hakunidanganya, mfupa ulikuwa mzima kweli. Ila nilirudi Myamba na maumivu yangu, sina cha kumwonyesha mtu.

Mara ukaitwa msaragambo wa kuzibua mfereji. Ndugu zangu, mnajua wenyewe, asiyeshika jembe kwenye kazi ya wote anasemwa. Nikakaa pembeni. Jirani akapaza sauti: "Bega gani hilo linauma siku ya msaragambo tu? Gulioni linashinda zima!" Watu wakacheka. Ningekuwa yeye, labda ningesema vilevile. Gulioni nilibebea mkono wa kushoto, nani angejua?

Kwa hasira nikachukua jembe. Nikachimba mpaka nikasikia kitu kimekatika begani. Tangu hapo hata kitenge nilifungwa na binti yangu. Jembe limenishinda, na jina la mvivu ninalo.

Wifi yangu ndiye aliyenipeleka Moshi. Mtaalamu akapitisha ultrasaundi mabega yote mawili.

"Mashine hii inapima ugumu wa kano, ile kamba inayoshika msuli kwenye mfupa, mama. Nyekundu ni ngumu, ndivyo inavyotakiwa; buluu ni laini. Kushoto unaona nyekundu. Kulia je?"

"Buluu."

"Kano limelegea, na hapa limechanika kidogo. Eksirei haioni haya."

Nikalia pale pale kitandani. Wifi akaniambia, "Unalia nini na kesi umeshinda?"

Nawaambia ukweli, sijapona vizuri, na inanikera. Mazoezi ya kuvuta utepe wa mpira niliyopewa Moshi yanakwenda polepole mpaka unataka kuutupa. Lakini kitenge najifunga mwenyewe.

Asante wifi, asante binti yangu, na mtaalamu yule popote alipo. Hata daktari wa Same, alisema alichokiona. Ninachowaomba ni kimoja: kisichoonekana msikiite uongo, na mgonjwa asiende kuchimba ili aaminiwe.

Msaragambo ujao nitakuja. Jembe sitashika, nitapika uji. Mwenye neno aje aniulize jikoni.