Petro Ekai Lotukoi, Mpasha Habari wa Isiolo (1938–1988)

Petro Ekai Lotukoi alizaliwa Leparua mwaka wa 1938, mtoto wa tatu wa mzee Lotukoi. Utotoni alichunga mbuzi, na ndugu zake wanasema aliwapoteza mara nyingi kwa sababu alikuwa akisoma karatasi za kufungia sukari.

Alisoma shule ya misheni hadi mwaka wa 1956, kisha akawa karani wa parokia hapa mjini. Mwaka wa 1966 alifunga ndoa na Regina Akuam.

Kuanzia 1973 alitayarisha gazeti dogo la parokia, akilipiga taipu mwenyewe. Habari za mvua na malisho ndizo zilizosomwa kwanza, hata na Waislamu wa sokoni. Lakini kila toleo lilipitia kwa afisa mmoja wa serikali kabla ya kuchapwa, naye alikata asichotaka wananchi wakisome.

Katika kiangazi cha 1984 Petro aliandika kwamba pampu ya maji huko malishoni Gotu imekufa. Afisa aliikata habari yote, akisema inaaibisha serikali. Petro akaacha pengo jeupe, akaenda kugawa gazeti kwenye mnada wa mifugo. Huko alimkuta mzee Halkano Dima akijiandaa kuhamia Gotu na ng'ombe na familia yake.

“Ekai, hapa wino uliisha ama wewe ulilala?” mzee alimtania.

“Hapo pamekatwa, mzee.”

“Wacha karatasi. Mimi nakuuliza kwa mdomo. Gotu kuna maji?”

Kwa wafugaji wetu, Mborana au Mturkana, kumficha mtu habari ya maji ni sawa na kumuua. Petro alijua kuna masikio ya serikali pale mnadani. Hata hivyo alijibu kwa sauti, “Pampu imekufa. Usipeleke watoto huko.” Halkano akageuza mifugo kuelekea mto Ewaso.

Kesho yake afisa alimwita. “Si nilikukataza?”

“Ulinikataza kuandika, bwana. Nimeulizwa, nikajibu.”

Aliwekwa korokoroni wiki mbili, na gazeti likafungwa, lisifunguliwe tena. Lakini wasafiri walianza kupitia nyumbani kwake, wakiacha habari na kuchukua nyingine, hata Mama Regina akawa analalamika kwamba sukari haikai.

Mwaka jana alianza kuugua mapafu. Alilazwa hospitalini mara kadhaa, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 14 Mei 1988, aliuliza kama Merti imenyesha.

“Imenyesha, baba,” binti yake Aule alimjibu.

“Basi waambieni watu.”

Hakusema neno tena.

Ameacha mjane, Regina. Watoto, Aule, Lotukoi na Yosefu. Na wajukuu wawili. Mungu ampokee, ampumzishe kwa amani.