Nerys Bebb Anastaafu, Chaki Yake Inabaki

Baada ya miaka thelathini na minne ya kukagua Landrova kuukuu katika Mnada wa Bryn Celyn, Bi. Nerys Bebb anastaafu leo, Jumamosi tarehe 28 Machi. Barua yake ya awali ilisema tarehe 30 Aprili. Meneja wetu, Bwana Hefin Tudor, aliniomba niandike karatasi hii ya kugawa mlangoni, fupi na ya kuchekesha. Kuchekesha kumenishinda. Nina hasira tangu Jumanne.

Nerys alitokea karakana ya baba yake akiwa na tochi, sumaku na kipande cha chaki. Kazi yake ilikuwa kusema kipi kwenye gari ni orijino na kipi kimebadilishwa. Kilichobadilishwa alikipiga chaki; cha asili hakukigusa. Sumaku ikinasa kwenye mlango, chaki, maana mlango wa kiwandani ni wa alumini na alumini hainasi. Ribiti zikiwa mpya, chaki. Rangi ya bluu ikichungulia chini ya kijani, chaki. Wakulima wa huku walianza kujitetea kabla hata hajainama. Chai ilikuwa ikipoa tukimsubiri atoke chini ya gari, na akitoka alikula bara brith yake, mkate wa zabibu kavu, kwa mikono ileile yenye grisi.

Emlyn Gethin, mfugaji wa kondoo, aliwahi kuleta Landrova ya marehemu baba yake akiapa kwamba haijaguswa. Alama zikafika arobaini na tatu. Emlyn akavimba.

“Yaani mama, unamwita baba yangu mwongo?”

Nerys akamfungulia mlango wa dereva, akamwonyesha rangi ya gari jingine kwenye bawaba. “Baba yako hakumdanganya mtu. Alibadilisha mlango akaenda kulisha kondoo wake. Mwongo ni yule atakayeuuza kuwa ndio wa kiwandani.”

Hapo Emlyn akakumbuka mafuriko yaliyoharibu mlango wa awali, na jirani aliyewapa huo mwingine. Hakuliuza tena gari. Alirudi nalo nyumbani na chaki yake yote, akakataa katakata kuifuta.

Sasa tufike kwenye gari namba 61. Ni la shemeji yake Hefin, na katalogi inasema ni la mwaka 1949, kila kitu orijino. Wiki tatu zilizopita Nerys alilala chini yake. Akaona kwamba kibati cha namba ya chasisi kimefungwa kwa ribiti mpya. Akasugua chaki juu ya namba iliyogongwa kwenye chasisi, na chini yake ikajitokeza namba nyingine iliyopigwa tupa. Chasisi ni ya gari jingine, la 1953. Alikataa kutia sahihi kwenye cheti cha kuthibitisha kwamba gari ni orijino.

Hefin alimbembeleza kwamba amebakiza wiki chache tu astaafu, waagane vizuri. “Weka sahihi tu, Nerys. Nani atalala chini aangalie?”

“Mimi nimelala,” akasema.

Kesho yake akapewa barua, kwa shukrani nyingi, kwamba kustaafu kwake kumewahishwa. Cheti kikatafutiwa sahihi nyingine, na kikaipata.

Sahihi hiyo ni yangu. Mimi, niliyekunywa chai naye miaka kumi na tisa, nilitazama kile kibati kinavyong'aa nikajifanya nimeridhika. Nilimwogopa Hefin, basi. Nusu ya hasira yangu ni kwake, na nusu ni kwangu mwenyewe. Jumanne Nerys alikuja kukusanya vitu vyake, akakiona cheti mezani kwangu, akakisoma hadi chini. Aliweka kisanduku chake cha chaki juu ya sahihi yangu, akaondoka. Angenitukana ningepata nafuu.

Leo asubuhi, kabla ya malango kufunguliwa, nimelala chini ya gari namba 61 kwenye sakafu yenye maji. Nimelipiga alama tisa. Sahihi yangu naifuta hapa, mbele yenu nyote mliokuja kununua. Sina ugomvi na gari lenyewe, ni zuri na linakwenda. Liuzwe kama lilivyo. Anayetaka kuifuta chaki aifute watu wakimwona.

Nerys, asante kwa miaka thelathini na minne. Ustaafu wako uwe wa afya na wa raha, na chai yako uinywe ikiwa moto. Lakini kabla hujaondoka pita pale kwenye namba 61. Kisanduku chako kiko juu ya boneti. Kama kuna alama ya kumi iliyonipita, iweke mwenyewe.

Idwal Rees
Ofisi ya katalogi