Baiskeli Usiitupe

Mzee aliyekaa kando ya Mwanabaraka kwenye basi la Lewisham, jijini London, alimsikia akizungumza Kipemba kwenye simu, basi akajipa ruhusa ya kumhoji habari za mkono wake uliovunjika.

“Baiskeli ya mazoezi imekung'okea kiti? Mtafute wakili, mwanangu. Aliyeitengeneza ashtakiwe.”

Mwanabaraka akakikumbatia kipochi chake. Mapenzi gani haya ya ghafla? “Nani kakutuma, ami? Hao mawakili?”

“Hasha! Ila baiskeli usiitupe. Ndiyo ushahidi wako.”

“Nitupe kitu kizima? Kiti nimekifunga waya, nikaitia kwenye kontena la Pemba. Dada yangu kaipokea jana.”

Mzee akautazama ule mkono uliovunjika; Mwanabaraka akampigia dada yake haraka. Basi liliposimama, Mwanabaraka alikuwa bado ameibana simu sikioni. Huko Pemba iliita, haikupokelewa.