Marehemu Seth Kaingu, Msomaji wa Alama za Bunduki, Shimanzi

Ndugu waombolezaji, kabla historia hii haijafika pale marehemu alipozaliwa, msomaji wake, Karisa, kitinda mimba wa nyumba yao, anakiri mbele ya Mungu na mbele yenu kwamba kosa lililomfukuzisha kazi kaka yake miaka minne iliyopita lilikuwa la Karisa, halikuwa la Seth, na amechoka kulibeba.

Marehemu Seth Kaingu alizaliwa Ribe tarehe 14 Machi 1911, akasoma shule ya misheni huko huko hadi darasa la nne, na mwaka 1925 akaja Mombasa kupakua mizigo Kilindini, na tarehe 18 Desemba 1937 akafunga ndoa na Mbeyu, wakapanga chumba Kibokoni, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia.

Mwaka 1940 aliingia jeshini, akawekwa karakana ya silaha, na huko ndiko alikojifunza kusoma bunduki, maana bunduki nayo ina maandishi yake, kipenyo cha mtutu, mwaka, taji la mfalme, na nambari ya mtutu ambayo sharti ilingane na ya komeo, kile chuma kinachofunga risasi ndani. Tangu 1947 alifanya kazi hiyo katika ghala moja la Shimanzi, akichambua bunduki kuukuu za vita, na alizoea kumwambia Karisa, msaidizi wake, kwamba bwana mdogo, chuma hakidanganyi, kinachodanganya ni grisi na mtu mvivu.

Jumanne tarehe 9 Julai 1963, imebaki bunduki moja ndani ya kasha, Karisa, mikono imemlegea, aliipangusa kwa mafuta ya taa juu juu tu, akasema tayari kaka, hii kipenyo chake nukta tatu sifuri tatu, nzima kabisa, na Seth, ambaye macho yalishaanza kumwingia ukungu, akamwamini, akaifunga kibandiko cha bunduki nzima. Chini ya grisi iliyosalia palikuwa na herufi mbili, D na P, alama ya bunduki ya gwaride tu, isiyotiwa risasi kamwe. Kesho yake mwenzao Chonga aliijaribu kwa risasi, ikapasuka, ikamkata vidole vitatu vya mkono wa kuume.

Mkubwa wa ghala alipouliza, Seth alijibu, macho yalikuwa yangu, bwana, na Karisa akanyamaza, kwa kuwa mkewe alikuwa mja mzito, wala hiyo si hoja mbele ya Mungu. Seth akafukuzwa, akawa akitengeneza stovu za mafuta ya taa, na vijana wa Makupa wakimpigia kelele, ewe Seth, hebu tusomee kijiko hiki, kipenyo chake ngapi, naye akicheka, lakini Chonga hakumwitikia salamu tena, na hilo ndilo lililomkondesha.

Kifua kilimwanza Februari 1966, akalazwa mara tatu, na Karisa alipomwomba ruhusa ya kusema kweli alimjibu, ngoja nife kwanza, wewe bado una mshahara. Alifariki Alhamisi tarehe 16 Novemba 1967, saa nne asubuhi.

Familia yawashukuru madaktari na wauguzi, Bi Mwanakhamis na majirani wa Kibokoni kwa uji wa kila siku, na wenzetu wa ghala waliochukua jeneza. Kaka Seth, umechoka vya kutosha, pumzika kwa amani ya Bwana.

Nawe, Mzee Chonga, uliyesimama pale langoni, Karisa hakuombi umsamehe leo, anakuomba usogee hapa kaburini, umtilie Seth udongo wa kwanza.