Merdi Musonda na Neno Walilolisikia Vibaya

Aliyelala mbele yenu ni Merdi Musonda, aliyezaliwa Sakania tarehe 14 Agosti 1994, mtoto wa pili wa marehemu Ruben Musonda, fundi wa reli, na wa mdogo wangu Wivine.

Shule ya msingi aliisomea Sakania. Baba yake alipofariki mwaka 2006, mama yake alimleta kwangu, hapa Kasungami, Lubumbashi, na mwaka 2013 Merdi akapata diploma ya ufundi wa umeme. Vitabu vyangu, hata vile vilivyoanza kuliwa na mchwa, alivisoma vyote. Wanangu wa kuzaa hawakugusa hata kimoja.

Alifanya kazi Kasumbalesa, mpakani, kwa wakala wa forodha. Malori yakikwama siku tatu, yeye alichora. Mwaka 2022, pamoja na rafiki yake Franck, alimaliza mchezo wa kompyuta: mfanyakazi wa reli mwenye shati jeupe anapigana na majambazi kutoka Sakania hadi Lubumbashi. Kushinda tu hakutoshi. Ukipigana ovyo, shati likakunjamana, alama zinapungua. Waliouchambua kwenye mtandao waliandika kwamba ni mavazi mengi, maana kidogo. Walikosea. Ruben, niliyefanya naye kazi, alipiga pasi shati la kwenda kupaka grisi. Sote tulifanya hivyo, na hakuna bosi aliyetuagiza. Leo mtu anakuja kwenye kilio na kandambili miguuni. Merdi hakuziona siku zile. Aliniuliza, akaandika hata namna tulivyokunja mikono ya shati. Maana yenyewe ilikuwa hiyo.

Tarehe 10 Juni 2023 alifunga ndoa na Bénie. Mara ya kwanza alipouona mchezo, Bénie alimwambia, "Mutu yako ya mu machine anavwala muzuri kukupita weye!" Merdi alicheka. Kesho yake akanunua pasi.

Mwezi Februari 2025 miguu yake ilianza kuvimba. Mama Dorine wa kikundi cha maombi alikuja kumwombea, na chumba cha pili Franck alikuwa anacheza. Mchezaji akipigana kwa ustadi mkubwa, mchezo hupaza sauti: "Mulozi!" Ndivyo vijana wa mji huu wanavyomshangilia mchezaji mpira anayepita watu watatu.

"Mulisikia?" akasema Mama Dorine. "Machine yenyewe inamuita mulozi!"

"Mama, ni kusifu tu," Merdi akajibu.

"Njo vile balozi banasemaka!" Yaani, ndivyo wachawi wanavyosema siku zote.

Nami nilinyamaza, kwa sababu zamani zetu neno mulozi lilimaanisha mchawi, basi. Mama Dorine na kikundi chake walimfungia siku kumi na moja katika chumba cha maombi, bila chakula, bila dawa, bila kumwacha alale. Daktari alipompima, figo zilikuwa zimekwisha kufa. Alifariki hospitalini tarehe 3 Aprili 2025, saa nne asubuhi. Kabla hajafa aliniambia mimi, mjomba wake, "Tonton, basichome kazi yangu."

Mama Dorine ametangaza kwamba baada ya maziko kompyuta itachomwa uani. Haitachomwa. Nimeifungia chumbani mwangu, na ufunguo ninao mfukoni ninaposoma haya.

Anaacha mama yake Wivine, dada yake Gracia, mjane wake Bénie, na binti yao Myriam, mwenye mwaka mmoja. Myriam akianza kuuliza, asiwepo kati yenu wa kumwambia kwamba baba yake alikuwa mchawi. Aletwe kwangu, nimfungulie mlango, akaone alichokifanya.

Merdi, mwanangu, Mungu akupe usingizi ambao sisi hatukukupa.